Ukingo wa Dari: Je, Vileo Vikatazwe Kabisa, au Viwekewe Mipaka?



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, iko amri moja ambayo wengi huipita upesi wasomapo. Yamhusu mtu ajengaye nyumba mpya. Hana budi kuiwekea dari yake ukingo, asije mtu akaanguka kutoka juu, na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile. Wazee wetu Wairaqw waliokaa katika tembe wangaliifahamu amri hii bila kuelezwa, maana juu ya tembe ni bapa, na mtu aweza kusimama pale. Nawaomba wasomaji waishike mioyoni, kwa kuwa tutairudia.

Katika baraza la wazee wa usharika, hapa Mang'ola, liliulizwa swali hili: Je, yafaa serikali ipige marufuku vileo vyote na vitu vyote vinavyomfunga mtu, yaani pombe, tumbako, bangi, mirungi, hata sigara za umeme ambazo vijana wameanza kuzileta kutoka mjini? Au yafaa viachwe, lakini viwekewe mipaka? Wazee walishindana hata taa ikapungua mafuta, wala hawakupatana. Waliniomba niandike. Nami naandika, si kwa kuwa nina hekima kuliko wao, bali kwa sababu ya kaburi moja.

Habari yenyewe

Wageni wasiolijua bonde letu wakiliona Ziwa Eyasi na vumbi lake, hudhani hapa hapafai kwa kilimo. Maji ya ziwa ni ya chumvi. Lakini Mungu ametupa chemchemi zinazotoka chini ya milima, na kwa maji yake twalima vitunguu ambavyo wafanya biashara huja kuvinunua kutoka Arusha, na hata kutoka Kenya. Kijana aweza kupalilia na kumwagilia miezi mingi bila kushika fedha, kisha siku moja ya mauzo akapewa zote pamoja mkononi. Siku hiyo waujuao udhaifu wake wamekwisha kutangulia. Bia ziko tayari, gongo imeletwa usiku katika madumu, na wa bangi na wa mirungi hawako mbali. Siku ya tatu kijana huja kuomba unga kwa jirani.

Usiku mmoja wa malipo, kijana mmoja wa miaka 22 alianguka katika mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji ya mfereji ule hayafiki magotini. Hakuamka. Nilimzika mimi. Baada ya mazishi mama yake alinishika mkono akaniuliza, "Baba Mchungaji, ni nani aliyemwua mwanangu?" Nilimjibu maneno ambayo wachungaji huyajibu, juu ya faraja na juu ya ufufuo. Ni maneno ya kweli. Lakini hakuwa ameuliza hayo. Na mtu aliyemwuzia mwanawe gongo usiku ule alikuwa ameketi kanisani siku ya mazishi, katika benchi la nne, naye alitoa sadaka.

Wasemao: Yakatazwe yote

Tuwasikilize kwanza wanaotaka marufuku, kwa maana hawasemi upuuzi. Wasema: Ukimwona nyoka nyumbani humwekei saa za kutembea, wampiga. Wasema tena kwamba sheria hufundisha. Jambo likikatazwa, mtoto hukua akijua kuwa ni baya. Nao wanao ushahidi. Mwezi wa Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba pombe kali za mifuko midogo ya plastiki, tulizoziita viroba, hazitaruhusiwa tena kuanzia tarehe 1 Machi mwaka ule. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliweza kununua kiroba kwa sarafu chache, akakificha katika soksi. Sasa viroba vile havining'inizwi tena dukani. Hilo ni jema, nasi tumshukuru Mungu.

Lakini yafaa tuulize pia marufuku huzaa nini pale ambapo watu hawajaipokea. Hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi wakulima wa vitunguu twaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, likashonewa kilemba juu yake. Imekatazwa na sheria ya vipimo, na viongozi wameikemea mara nyingi, hata hivyo imeendelea kupakiwa. Kwa nini? Mnunuzi huipenda, na mkulima mwenye njaa huogopa kuikataa. Sheria iko katika karatasi, nalo gunia liko katika lori.

Watu wa Marekani walilijaribu jambo hili kwa nchi yao nzima. Tangu mwaka 1920 hata 1933 katiba yao ilikataza kutengeneza na kuuza vileo. Wengi waliopigania sheria ile walikuwa Wakristo waliochoka kuona wake wakipigwa na mishahara ikinywewa. Hapo kwanza unywaji ulipungua. Lakini biashara haikufa, ilihamia gizani, na gizani wakatajirika wanyang'anyi kama Al Capone wa Chicago. Mwisho waliiondoa sheria ile wenyewe.

Na majirani zetu wa Kenya walikataza chang'aa, iliyo ndugu ya gongo yetu, kwa miaka mingi. Mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe haramu iliyotiwa sumu. Mwaka 2010 wakatunga sheria nyingine iliyoruhusu chang'aa, ila itengenezwe kwa leseni na kutiwa katika chupa zenye maonyo. Je, vifo vilikoma? Havikukoma. Mwaka 2014 watu wengi walikufa tena katika kaunti mbalimbali kwa pombe yenye sumu ile ile. Basi tusidanganyike. Marufuku peke yake haikuwaokoa, wala leseni peke yake haikuwaokoa.

Wasemao: Kila mtu ajiamulie

Wengine wasema: Mtu mzima ana akili. Akitaka kunywa na anywe, akitaka kuvuta na avute, mwili ni wake na fedha ni zake. Waongeza kwamba Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na kwamba Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hayo ni kweli, wala mhubiri asiyafiche. Luther naye alikunywa bia, na mkewe Katharina aliipika nyumbani mwao huko Wittenberg. Anayehubiri kwamba kila tone la pombe ni dhambi, anaongeza juu ya Maandiko.

Lakini hoja hii ina ufa. Husema "kila mtu ajiamulie", hali jambo lenyewe tunalolinena ni lile linalomwondolea mtu uwezo wa kuamua. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho, katika sura ya 6 ya waraka wa kwanza, kwamba hata kilicho halali kisipewe nafasi ya kumtawala mtu. Kiazi hakimtawali mtu. Akishiba, huacha. Bali katika tumbako mna kitu kiitwacho nikotini, ambacho huuzoeza ubongo hata mtu akikikosa hutetemeka, hukasirika, asipate usingizi. Wengi wa wavutaji walianza wakiwa vijana wadogo. Basi ni nani aliyeamua? Mtoto wa miaka 15 aliamua, na mzee wa miaka 50 yu kifungoni kwa ajili ya uamuzi wa mtoto yule. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbako huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Siwezi kuamini kwamba hao wote walijiamulia.

Tena, tazameni faida inatoka wapi. Mwuza chumvi hupata faida kwa kila mtu, kidogo kidogo. Mwuza kileo hupata faida iliyo kubwa kwa yule aliyefungwa, ajaye kila siku. Wateja wake wote wakiwa watu wa kiasi, duka lake litapungua. Kwa hiyo uhuru wa mnywaji na faida ya mwuzaji havikai pamoja, ingawa mwuzaji ndiye apendaye sana kuhubiri uhuru.

Ukingo

Sasa turudi kwenye dari. Musa hakukataza dari, maana ilikuwa na faida. Watu walipunga upepo pale jioni, wakaanika kitani, wakasali. Wala hakusema, "Mwenye kuanguka ni mjinga, shauri lake." Amri yake haisemi na mwenye kuanguka hata kidogo. Yasema na mwenye nyumba. Yeye ndiye ajuaye kwamba watu watapanda, kwamba usiku huwa giza, na kwamba wako watoto na wazee. Kwa hiyo damu ni juu yake.

Nadhani hapa ndipo tulipopotea katika baraza letu. Tulishindana usiku kucha juu ya mnywaji, kama akatazwe au aachwe. Yatupasa kuanza na mwuzaji. Twende basi kwa kila kitu tukiuliza: Je, chaweza kuwekewa ukingo? Na ni nani wa kuujenga?

Gongo haiwezi. Anayeipika kichakani hajui ametoa nini, na anayeinywa hajui anakunywa nini. Mle mwaweza kuwa na sumu ya kumpofusha mtu au kumwua. Hiyo ni dari iliyooza. Haifai kuwekewa ukingo, yafaa ibomolewe. Sheria imeikataza, nasi tuisaidie sheria kwa moyo mmoja.

Pombe ya nafaka ya wazee wetu, na asali iliyochachwa ambayo Wadatoga huitengeneza kwa sherehe zao, zilikuwa na ukingo zamani. Zilikuwa na majira yake, na wenye haki ya kunywa walikuwa wazee. Kijana hakuinywa ovyo. Fedha ya mkononi ndiyo iliyouvunja ukingo ule, maana fedha haiulizi umri. Kwa pombe hizi, na kwa bia, mipaka yatosha, ikishikwa. Nchi yetu inayo sheria ya vileo tangu mwaka 1968, yenye habari za leseni na saa za kuuza. Kabla hatujaomba sheria mpya, tuulize kama ile ya zamani imewahi kusomwa katika kijiji chetu.

Tumbako nayo ina sheria ya mwaka 2003, inayokataza kumwuzia mtoto. Na mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa mataifa wa kudhibiti tumbako. Sitasema mvutaji apelekwe gerezani. Ni mgonjwa wa kusaidiwa. Lakini amtumaye mtoto dukani kumnunulia sigara, yeye mwenyewe amebomoa ukingo.

Mirungi na bangi zimekatazwa na sheria za nchi yetu. Tujue tu ya kuwa mirungi ile ile huuzwa hadharani upande wa pili wa mpaka, na huko Meru ni zao la kuwalipia watoto ada. Basi mpaka wa serikali haufanyi jani kuwa dhambi. Twaitii sheria kwa kuwa imetolewa kwa kulinda watu, lakini tusiwafundishe watoto kwamba lililoruhusiwa na serikali ndilo jema. Sigara imeruhusiwa.

Na sigara za umeme? Aliyezibuni ni Mchina mmoja, Hon Lik, mfamasia, mnamo mwaka 2003, akitafuta njia ya kuacha kuvuta. Huko Uingereza waganga huwaambia wavutaji wa zamani kwamba chombo hiki chadhuru pungufu kuliko sigara, nacho kimewasaidia wengine kuacha. Sikatai. Lakini kijana niliyekiona nacho hapa hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Aliniambia kina ladha ya embe. Uingereza wenyewe walipiga marufuku vile vya kutumia na kutupa tarehe 1 Juni 2025, na majirani zetu wa Uganda walivikataza vyote kwa sheria yao ya mwaka 2015. Kwa maoni yangu Uganda wametenda vema. Jambo ambalo bado halijaota mizizi huzuilika kwa machozi machache. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Swali la mzee wa Kihadzabe

Kuna neno moja ambalo nililiunga mkono, nami naungama hapa kwamba nilikosa.

Mwajua kwamba ndugu zetu Wahadzabe huishi karibu nasi, na watalii huja kuwatazama. Watu waliokaa nao miaka mingi na kuandika habari zao wameshuhudia kwamba fedha hizo za watalii zimeleta ulevi mwingi. Wahadzabe wamevuta tangu zamani, kwa viko vyao vya mawe, wakibadilisha asali na nyama kwa tumbako. Lakini pombe ya kununuliwa kila siku ni jambo jingine. Basi mmoja wetu alishauri kijiji kitoe amri kwamba Mhadzabe asiuziwe kileo. Nikasema ni shauri la upendo.

Siku moja nikamweleza mzee mmoja wa Kihadzabe. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mchungaji, na ninyi mtauziwa?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Lakini sisi tumezoea."

Akasema, "Yule mliyemzika, aliyekufa mferejini, alikuwa Mhadzabe?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka mambo tuliyosoma seminari. Mwaka 1890, huko Brussels, mataifa ya Ulaya yaliagana kuzuia pombe kali isipelekwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara letu, na mwaka 1919 waliagana tena. Wamisionari wengi walifurahi, na kweli sheria ile iliwaepusha watu wengi na madhara. Lakini Mzungu aliendelea kunywa barazani kwake, na Mwafrika aliyemletea chupa hakuruhusiwa kuionja. Babu zetu walielewa vema maana yake, kwamba huyu ni mtu mzima na yule ni mtoto siku zote. Nami nilikuwa karibu kumtendea jirani yangu yale yale waliyotendewa babu zangu.

Basi ukingo wa kweli huzunguka dari yote. Sheria ya kumlinda mnyonge imfunge mwenye nguvu aliye dukani. Isimpe mnyonge jina la utoto. Kama si haki kumpelekea Mhadzabe dumu la gongo kambini mwake, si haki kumpelekea kibarua wa vitunguu shambani.

Kazi yetu wenyewe

Luther alitufundisha kwamba Mungu hutawala kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja, ulio serikali, huzuia uovu usienee. Kwa mkono mwingine, ulio Neno, huugeuza moyo. Sheria yaweza kufunga duka saa nne usiku. Haiwezi kumfanya mtu apende kwenda nyumbani. Wala tusiiombe serikali ifanye kazi ya Kanisa, wakati Kanisa limelala.

Katika usharika wetu yuko mjane apikaye pombe ya mahindi. Wazee walitaka atengwe na Meza ya Bwana. Nilimwendea. Alisema, "Baba Mchungaji, nitaacha leo, ila uniambie kesho ada ya watoto nitaitoa wapi." Wakati huo huo, yule mwenye gongo alikuwa akitoa sadaka kubwa, na hakuna aliyetaka atengwe. Ndugu zangu, hapo niliona aibu. Tulikuwa tayari kumwadhibu mwenye mtungi, na kumpokea mwenye madumu.

Basi nawaomba waalimu wa dini na wazee tuyafanye haya. Kwanza, asiye na kitu ila mtungi wake tumpatie shamba la kukodi na mbegu ya vitunguu kabla ya kumwambia aache. Sisi tumeanza na mjane yule kwa sadaka ya mavuno. Pili, sadaka itokayo katika gongo tuirudishe, hata kama paa la kanisa lavuja. Tatu, mwenye shamba aliye Mkristo asimlipe kibarua fedha yote usiku, kando ya kilabu. Amlipe asubuhi, au amwekee akiba kwa mapatano yao wawili. Nne, mtu aliyefungwa na kileo tusimcheke. Tumtembelee kama tumtembeleavyo mgonjwa, tena na tena, hata akianguka mara ya saba.

Mtauliza: Umejibu swali, Mchungaji, ama umelizunguka? Nasema: Kinachoua gizani kikatazwe. Kinachoweza kutumiwa kwa kiasi kiwekewe mipaka, na mipaka imbane mwuzaji kuliko mnywaji. Kisichofika bado kisikaribishwe. Na sheria iwe moja kwa watu wote.

Yule mama nilimrudia baada ya miezi mitatu. Nilimwambia, "Mama, uliniuliza swali, nami sikukujibu. Mwanao alianguka kutoka dari isiyo na ukingo. Aliyeijenga ni yule aliyemwuzia. Lakini sisi sote tulikuwa tukipita chini yake kila siku, tukiitazama, tusiseme neno." Alilia, kisha akasema, "Asante kwa kuniambia." Jumapili iliyofuata nilimwita mwenye gongo, tukaketi peke yetu katika chumba cha ofisi, kama Bwana anavyoagiza katika Mathayo 18. Tumeketi mara nne sasa. Madumu ameyaacha tangu mavuno yaliyopita. Mwombeeni, nami mniombee.